Albamu ipi ya gitaa la jazi laini kwa chakula cha jioni kando ya ziwa: Klugh, Benson au Norman Brown?

Binti_wa_Kayenze (Jumanne, saa 2:10 usiku)

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na muda si mwingi. Nataka kununua albamu moja ya gitaa, jazi laini ya kimahaba, ya kupigwa watu wakiwa mezani jioni. Nimechuja nikabaki na tatu: Late Night Guitar ya Earl Klugh (1980), Breezin' ya George Benson (1976) na After the Storm ya Norman Brown (1994). Mfuko unaruhusu moja tu. Nichukue ipi?

Nyuzi_Sita (saa 2:31 usiku)

Dada, majina ni mazuri yote matatu, ila umetunyima vya kukusaidia. Meza ya watu wangapi? Ndani au nje? Unatumia spika gani? Unanunua CD au faili? Wimbo wenye mtu anayeimba unakubalika au unataka gitaa tupu? Usipojibu hayo, kila atakayepita hapa atakutajia anachokipenda yeye.

Wakati tunakusubiri, elewa kwamba hizo tatu hazifanani kama unavyodhani. Klugh anapiga gitaa kavu la nyuzi za nailoni, kwa vidole vitupu. Noti yake inaanza laini na kufa mapema, kwa hiyo anaacha nafasi nyingi kati ya noti na noti. Late Night Guitar imejengwa juu ya hilo: gitaa mbele, vayolini nyuma, ngoma kwa mbali. Benson anapiga gitaa la umeme lenye tumbo, noti nene, ya duara, inayokaa hewani. Norman Brown yuko shule ya Benson, lakini chini yake pana midundo ya R&B ya miaka ya 1990, na besi inayosukuma. Ukiziweka zote kwa sauti ndogo ileile, ya Klugh itajificha chini ya maongezi, ya Benson itakaa sawa nayo, ya Brown itasikika besi na ngoma kabla ya gitaa.

Mimi ningechukua Klugh. Lakini jibu maswali kwanza.

Mzee_wa_Santuri (saa 2:58 usiku)

Wanangu, mnazungumza matawi na shina mmeliacha. Hao wote watatu wametoka kwa Wes Montgomery wa Indianapolis. Wes alipiga kwa ubavu wa dole gumba badala ya kipande cha plastiki, ndiyo maana noti zake hazina ule mkwaruzo wa mwanzo. Na alipiga oktavu: noti moja ya juu na mwenzake wa chini kwa pamoja, huku uzi wa katikati ukizimwa na kidole cha mkono wa kushoto. Sikiliza Breezin' au After the Storm, oktavu hizo zimejaa.

Kama unataka albamu moja ya mahaba, chukua A Day in the Life ya mwaka 1967. Mtayarishaji ni Creed Taylor, okesta imepangwa na Don Sebesky, piano ni Herbie Hancock, besi ni Ron Carter, ngoma ni Grady Tate. Nyimbo fupi, za watu wote, hakuna anayeonyesha ufundi wake kwa dakika kumi. Wes alifariki mwaka uliofuata, 1968, na Creed Taylor akamchukua Benson kijana. Mnaona njia ilivyopita.

Sauti_ya_Kirumba (saa 3:05 usiku)

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, rekodi ya 1967 si jazi laini. Jina hilo limekuja baadaye sana, kwenye redio za Marekani za miaka ya 1980, likiwa jina la kibiashara la kituo kinachopiga muziki wa namna moja mchana kutwa. Dada ameuliza kuhusu kitu cha kisasa.

Mimi nasimama na After the Storm. Sababu ni moja, na ni ya kazi: chakula kikiisha, watu watataka kusimama. Klugh hawezi kuwasimamisha. Brown ana mdundo wa taratibu ambao wanandoa wanaweza kucheza wakiwa wameshikana, na humo ndani ana nyimbo ambazo watu wanazitambua tayari, kwa mfano ile ya Janet Jackson, That's the Way Love Goes, gitaa likichukua nafasi ya sauti. Ukimpenda, endelea na Just Chillin' ya 2002, iliyompa tuzo ya Grammy ya albamu ya ala.

Mzee_wa_Santuri (saa 3:20 usiku)

Marahaba. Jina limekuja baadaye, kweli. Kitu chenyewe kilikuwepo kabla ya jina. Okesta ya vayolini, wimbo unaojulikana, gitaa linaloimba bila haraka: hayo yote yamo mwaka 1967, na ukirudi Bumpin' ya 1965 yamo pia.

Mwana_Nyegezi (saa 3:26 usiku)

Hapa kwetu neno jazi lina historia yake na naona limesahaulika. Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz ya Tanga: hakuna hata moja iliyopiga muziki wa Wes. Lilikuwa dansi, na gitaa la solo ndilo lililobeba mahaba. Mbaraka Mwinshehe angeweza kukaa kwenye kipande kimoja cha solo mpaka ukaelewa anachosema bila maneno. Na ng'ambo ya pili kuna Nico Kasanda wa African Fiesta, na lile gitaa lake la Kihawai. Mtoa mada, wageni wako ni wa hapa Mwanza. Kwa nini uwatafutie mahaba Detroit, mji wa Klugh?

Nyuzi_Sita (saa 3:40 usiku)

Nico sipingani naye kwa lolote. Shida ni kwamba rumba ina waimbaji, na solo inapoingia kwenye sebene mdundo unapanda. Watu wataacha kula. Hayo ni ya saa 4 usiku, si ya saa 1.

Fundi_Mitambo_Pasiansi (saa 3:52 usiku)

Naomba tuweke albamu pembeni kidogo. Dada, muziki utatoka wapi na kuingia wapi? Simu kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti? Waya upi?

Nauliza kwa sababu kosa linalojirudia sana kwenye shughuli za hapa mjini liko kwenye waya, na linaua gitaa peke yake. Nieleze kwa urefu, maana likitokea watu hulaumu albamu.

Kulikuwa na sherehe ya ndoa, ukumbi siutaji, mitambo ya kukodi ya mtu nisiyemtaja. Wenyewe walinunua faili halali za One on One ya Bob James na Earl Klugh, ile ya 1979 iliyopata Grammy. Faili safi, spika kubwa, amplifaya nzima. Muziki ulipowashwa ikasikika mwangwi tu, kinanda kwa mbali kama kiko chumba cha pili, na vitu vya pembeni pembeni. Gitaa halipo. Besi haipo. Wakapandisha sauti, mwangwi ukazidi. Wakabadilisha wimbo, hali ileile. Wakaweka wimbo wa kuimba, mwimbaji akapotea, vikabaki viitikio. Ikaamuliwa kwamba faili ni mbovu, wakapiga redio usiku mzima.

Faili hazikuwa na tatizo. Waya ulikuwa wa jeki ndogo ya simu upande mmoja na jeki kubwa ya sterio upande wa pili, ile yenye mistari miwili myeusi kwenye ncha. Imechomekwa kwenye tundu la laini la mikisa. Tundu hilo si la sterio. Linapokea mawimbi mawili na kutoa tofauti yake, yaani moja kasoro jingine, ili kufuta kelele za waya mrefu. Ukiliingizia kushoto na kulia kwa muziki, linatoa kushoto kasoro kulia. Chochote kilichorekodiwa katikati, yaani kilicho sawa pande zote mbili, kinajifuta na kuwa sifuri. Na katika albamu za namna hii nini kiko katikati? Gitaa linaloongoza, besi, ngoma ya mguu, na sauti ya mwimbaji. Kinachobaki ni mwangwi na vya pembeni.

Dawa yake ni waya wa jeki ndogo ya sterio upande mmoja, upande wa pili jeki kubwa mbili za mono, zenye mstari mmoja mweusi kila moja. Moja chaneli ya 1, nyingine chaneli ya 2. Chaneli ya 1 geuza kitufe cha pan (kinachopeleka sauti kushoto au kulia) kushoto kabisa, ya 2 kulia kabisa. Kama mikisa ina matundu mawili ya RCA ya kuingizia tepu, tumia waya wa RCA, ni rahisi zaidi.

Binti_wa_Kayenze (Jumatano, saa 1:15 asubuhi)

Asanteni sana, sikutegemea majibu mengi hivi. Naomba radhi kwa kutokueleza. Ni kumbukumbu ya miaka 30 ya ndoa ya wazazi wangu. Itafanyika nje, uwanja wa nyumbani Luchelele, unaoshuka mpaka majini. Watu kama 40. Spika mbili za kukodi zenye stendi, na simu yangu. Baba anapenda Jim Reeves, mama anapenda gitaa la aina yoyote.

Fundi_Mitambo_Pasiansi (saa 1:40 asubuhi)

Bado hujasema mikisa ni ya aina gani, chakula kinaanza saa ngapi, na meza ya mwisho iko umbali gani na spika. Tafadhali pima kwa hatua.

Nje hakuna kuta za kurudisha sauti. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inashuka desibeli 6. Aliyekaa mita 2 kutoka kwenye spika na aliyekaa mita 16 wametofautiana desibeli 18. Wa mbele anapiga kelele ili asikiwe na jirani yake, wa nyuma hasikii gitaa kabisa. Kwa muziki wa mezani spika nne ndogo zilizotawanywa ni bora kuliko mbili kubwa. Kama huna budi kutumia mbili, zipandishe mpaka mdomo wa juu wa spika uvuke mita 2 hivi, uziinamishe kidogo kuelekea meza za nyuma. Wa mbele watapitiwa juu ya kichwa, wa nyuma watapata.

Besi nayo inatawanyika nje. Usijaribu kuirudisha kwa kupandisha kitufe cha besi, spika itachoka na gitaa litafunikwa. Shusha kitufe cha besi kidogo chini ya alama ya katikati, ongeza sauti za kati kidogo sana. Kama nyuma ya meza kuna mawe makubwa, na Luchelele yapo, usielekeze spika moja kwa moja kwenye jiwe. Sauti inarudi imechelewa na gitaa la nailoni, ambalo uzuri wake ni ule mwanzo wa noti, linasikika mara mbili.

Upepo: mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Jua linazama saa 1 kasorobo hivi, na hapo katikati mara nyingi kunatulia. Weka spika upande wa nyumba zikitazama ziwa, usiku upepo utakusaidia kubeba sauti kuelekea mezani.

Mama_Saanane (saa 2:20 asubuhi)

Hongera kwa wazazi, mdogo wangu. Kuna jambo ambalo kaka zangu hawajaligusa: urefu. Breezin' ina nyimbo 6, jumla kama dakika 38. Late Night Guitar nayo ni ya enzi ya santuri moja, haifiki dakika 45. Watu 40 wakijipakulia kwenye foleni moja, wa kwanza anakula na wa mwisho bado ana sahani tupu, hesabu saa moja na nusu. Albamu moja itazunguka mara mbili au zaidi. Kwa hiyo swali ni ipi inavumilika ikirudiwa.

Inayorudiwa vizuri ni ile isiyo na wimbo unaojitokeza kupita wenzake. Breezin' ina wimbo mmoja tu wa kuimba, This Masquerade wa Leon Russell, dakika 8, na ndio uliopata Grammy ya rekodi ya mwaka. Ukirudi mara ya pili kila mtu atajua umerudia. Tena maneno yake ni ya watu wawili wanaoishi wakijifanya wana furaha, wameshindwa hata kuongea. Kwenye meza ya miaka 30 ya ndoa mimi nisingeuweka. Ukichukua Breezin', uondoe huo kwenye orodha, ubakiwe na kama dakika 30.

Sauti_ya_Kirumba (saa 2:33 asubuhi)

Dada Mama_Saanane, wangapi watafuata maneno ya Kiingereza huku wanakula sato? Ule ni wimbo bora kuliko wote kwenye hiyo albamu, kile kipande anachoimba noti zilezile anazopiga kwenye gitaa ndicho kilichomfanya Benson kuwa Benson. Kuutoa ni kuikata albamu mguu.

Mama_Saanane (saa 2:50 asubuhi)

Wazee wanaompenda Jim Reeves wanafuata maneno ya Kiingereza, kaka yangu, neno kwa neno. Na hiyo ndiyo sababu naegemea Late Night Guitar. Humo mna Smoke Gets in Your Eyes, mna Mona Lisa, mna Jamaica Farewell. Ni nyimbo za zama za redio ya wazee. Baba atazitambua bila kuambiwa, na hazina maneno ya kumtonesha mtu.

Kama unataka kitu kitulivu zaidi, angalia One Quiet Night ya Pat Metheny, 2003. Gitaa moja tu la baritoni, nyuzi za chuma, hakuna kingine. Ina Ferry Cross the Mersey, wimbo wa kivuko, na kwa watu wanaovuka Kamanga kila wiki unaingia moyoni. Ila si ya watu 40. Ni ya watu wawili baada ya wageni kuondoka.

Nyuzi_Sita (saa 3:15 asubuhi)

One Quiet Night si jazi laini hata kidogo, Grammy yake yenyewe iko kwenye kundi jingine. Na nje itapotea: gitaa moja, nyuzi zake zimelegezwa zitoe sauti ya chini kuliko kawaida, kelele za sahani zitalimeza.

Kuhusu nailoni, wapo wengine wa kuzingatia. Peter White, Mwingereza, ana Caravan of Dreams ya 1996: nailoni lakini anapiga kwa kipande cha plastiki, kwa hiyo noti inatoka mbele zaidi kuliko ya Klugh na inapenya nje vizuri. Marc Antoine, mzaliwa wa Paris, ana Madrid ya 1998, yenye ladha ya Kihispania. Na kwa anayetaka Afrika, Jonathan Butler wa Cape Town anapiga nailoni na kuimba, na Jimmy Dludlu aliyezaliwa Msumbiji ana Echoes from the Past ya 1997, oktavu za Wes juu ya midundo ya kusini mwa Afrika. Hiyo ya Dludlu inamjibu Mwana_Nyegezi na Mzee kwa pamoja.

Mwana_Nyegezi (saa 3:22 asubuhi)

Dludlu nakubali. Hapo tumesogea karibu na nyumbani.

Mzee_wa_Santuri (saa 4:05 asubuhi)

Binti, chochote utakachochagua, nunua CD au faili isiyobanwa. Usinunue MP3. Gitaa la Klugh lina pumzi kati ya noti, MP3 inaila hiyo pumzi.

Fundi_Mitambo_Pasiansi (saa 4:18 asubuhi)

Mzee wangu, chumbani na hedifoni nzuri tunaweza kulijadili. Nje Luchelele, watu 40, vyura na mawimbi, hakuna sikio litakalotenganisha MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde na CD. Kinachosikika wazi ni kilobiti 128 na kushuka, hasa ile iliyovutwa kutoka kwenye video. Vayolini zinatoa sauti ya maji yanayochemka na matoazi yanakuwa kama karatasi inayokunjwa.

Tena kuna udanganyifu: mtu anachukua faili la 128 analibadilisha kuwa 320. Ukubwa unaongezeka, ubora haurudi. Albamu ya dakika 40 kwa 320 ni kama megabaiti 96, kwa 128 ni kama 38, na ikiwa haijabanwa kabisa ni zaidi ya 420. Lakini ukubwa peke yake si ushahidi. Fungua faili kwenye programu ya kuonyesha masafa kama Spek: la 128 la kweli mara nyingi limekatwa wima karibu na kilohezi 16, hata kama jina lake linasema 320.

Mzee_wa_Santuri (saa 4:40 asubuhi)

Albamu haitapigwa siku moja tu. Inabaki kwa wazazi. Kesho yake wataisikiliza sebuleni, kimya, na hapo pumzi ya noti itahesabika. Nunua kwa ajili ya siku hizo pia.

Fundi_Mitambo_Pasiansi (saa 4:46 asubuhi)

Hilo la kubaki kwa wazazi ni hoja, nalikubali. Basi nunua CD au FLAC (faili lisilopoteza ubora) ya kubaki nyumbani, tengeneza nakala ya MP3 320 ya kupigia siku ya shughuli. Sababu ya kutengeneza nakala ni kwamba mikisa nyingi za kukodi zenye tundu la flashi zinasoma MP3, mara nyingine WAV, FLAC ni nadra. Flashi ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32. Ikiwa NTFS, nyingi hazitaiona. Na nyingi zinapiga nyimbo kwa mpangilio zilivyonakiliwa, hazifuati jina, kwa hiyo nakili wimbo mmoja mmoja kuanzia wa kwanza.

Ukitumia simu, iweke kwenye hali ya ndegeni. Bluutuzi iepuke: watu wakisimama kati ya simu na spika inakatikakatika, mwili wa mtu una maji na unazuia mawimbi hayo. Ukisikiliza mtandaoni bila kulipia utapata tangazo katikati ya wimbo.

Sauti_ya_Kirumba (saa 5:10 asubuhi)

Na kama spika ni mbili zilizo mbalimbali, si bora simu iwekwe kwenye mono? Aliyekaa karibu na spika ya kushoto asikose cha kulia. Kwenye simu ipo, sehemu ya mipangilio ya ufikivu.

Fundi_Mitambo_Pasiansi (saa 5:17 asubuhi)

Sahihi kabisa, na kwa rekodi za zamani ambazo gitaa limewekwa upande mmoja ni lazima. Lakini hakikisha waya kwanza. Ukiwa na ule waya mbaya niliousema, mono inafanya kushoto na kulia viwe sawa kabisa, sawa kasoro sawa ni sifuri, na spika zinanyamaza kimya. Tumia hilo kama kipimo: weka simu kwenye mono, washa muziki. Ukinyamaza au ukififia mno, waya si wenyewe. Kipimo cha nusu dakika, kifanye mchana kabla wageni hawajafika.

Mama_Saanane (saa 6:02 mchana)

Jambo jingine, kama ataamua kuchanganya. Rekodi za 1976 na 1980 ziko chini kwa sauti kuliko za miaka ya 2000. Ukitoka kwa Klugh ukaingia kwa Just Chillin', watu watashtuka na vijiko mkononi. Programu ya MP3Gain inasawazisha bila kuliharibu faili, kiwango chake cha kawaida ni desibeli 89, kinatosha. Chagua kusawazisha kwa albamu, usisawazishe kwa wimbo, la sivyo wimbo uliokusudiwa kuwa wa chini utapandishwa sawa na wenzake.

Mpya_Igoma (saa 7:30 mchana)

Samahani kuingilia. Nimewasikiliza hao akina Klugh kwa sababu ya uzi huu, nimependa sana. Gitaa langu la nailoni limekatika nyuzi mbili. Naweza kuweka za chuma kwa muda? Madukani ndizo nyingi.

Nyuzi_Sita (saa 7:41 mchana)

Usiweke, ndugu. Seti ya nailoni inavuta gitaa kwa uzito wa karibu kilo 40. Seti nyepesi ya chuma inavuta zaidi ya kilo 70, karibu mara mbili. Gitaa la nailoni kwa kawaida halina fito ya chuma ndani ya shingo wala mbao za kutosha chini ya daraja. Daraja litaanza kunyanyuka upande wa nyuma, tumbo litavimba, baadaye litang'oka na kipande cha mbao. Ukiona mwanya wa kupitisha karatasi chini ya daraja, legeza nyuzi zote siku hiyohiyo.

Nunua seti nzima ya nailoni yenye mvuto wa kawaida. Badilisha uzi mmoja mmoja, usizitoe zote kwa mpigo. Kwenye daraja pitisha ncha mara mbili kwa nyuzi nene, mara tatu kwa nyembamba, kwa sababu nailoni laini inateleza. Halafu vumilia: siku tatu nne zitakuwa zinashuka kila baada ya dakika chache. Zivute taratibu kwa kidole katikati ya uzi, zikaze upya mpaka sauti yake, rudia.

Mzee_wa_Santuri (saa 8:15 mchana)

Na kucha, kijana. Klugh hutaipata sauti yake kwa nyama ya kidole peke yake. Kucha za mkono wa kulia ziwe zimevuka ncha ya kidole kidogo tu, milimita 1 au 2, zimesuguliwa kwa msasa laini mpaka hazina kona.

Mwana_Nyegezi (saa 8:20 mchana)

Solo ya dansi haihitaji kucha.

Mpya_Igoma (saa 8:24 mchana)

Nashukuru wazee wangu. Ule mtindo wa oktavu unawezekana kwenye nailoni?

Mzee_wa_Santuri (saa 8:50 mchana)

Unawezekana. Anza na uzi wa tano na wa tatu, kidole cha shahada kwenye wa tano, cha pete kwenye wa tatu, nafasi mbili mbele. Ubavu wa kidole cha shahada ndio unaouzima uzi wa nne. Piga kwa dole gumba, kwenda chini. Usitumie nguvu, uzito wa mkono unatosha.

Binti_wa_Kayenze (saa 12:05 jioni)

Nimerudi. Nimepima: meza ya mwisho ni hatua 18 kutoka zitakapokaa spika. Chakula saa 1 jioni. Mawe yapo, upande wa kulia. Mwenye mitambo anasema waya anao, nimeuangalia, ncha yake kubwa ina mistari miwili myeusi. Kuhusu albamu sasa niko kati ya Klugh na huyo Dludlu, mama nimemchezea vipande vya wote wawili bila kumwambia sababu, akasema wa pili, baba akasema wa kwanza.

Fundi_Mitambo_Pasiansi (saa 12:11 jioni)

Mistari miwili ndiyo ule mbaya, usiuchomeke kwenye chaneli ya laini. Nipigie picha mgongo wa mikisa, nataka kuona kama ina RCA. Na hatua 18 ni mbali kwa spika mbili. Muulize kama ana mbili ndogo za ziada, ziwekwe katikati ya uwanja kwa sauti ya chini, zisitazame mawe.

Sauti_ya_Kirumba (saa 12:30 jioni)

Norman Brown hajashindwa, jamani. Wachezeshe na huyo kabla hujalipa.